Sketi ya Mama Pacha na Mkanda wa Mashine

Kila asubuhi Mama Pacha alikuwa wa kwanza kuamka. Alibandika maji ya chai, akawaosha binti zake pacha nyuso, akamwamkia mama mkwe wake, kisha akaenda kazini. Alifanya kazi katika kinu cha kusaga nafaka. Alimimina nafaka, akashika mdomo wa gunia unga ulipotoka, akafunga na kupanga. Jioni alirudi na unga hadi kwenye kope. Pacha walimwambia kwamba amezeeka tangu asubuhi.

Mama Pacha alivaa sketi ndefu siku zote. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyojisikia vizuri. Alikuwa nazo tatu. Zote zilikuwa pana, zenye marinda mengi, za kufika kwenye vifundo vya miguu. Kiunoni zilifungwa kwa kamba.

Ijumaa moja alikuwa akipita kati ya mashine na ukuta, gunia mikononi. Nafasi ilikuwa finyu. Mkanda wa mashine ulikuwa ukizunguka kando yake. Ghafla alihisi kama kuna mtu anamvuta nguo. Akageuka amkemee, lakini hapakuwa na mtu. Pindo la sketi lilikuwa limenaswa na mkanda. Kitambaa kilikuwa kinaingia mashinani, na yeye anakifuata.

Aliangusha gunia, akakumbatia nguzo. Alipiga kelele, lakini mashine ilimeza sauti yake. Marinda yalikwisha, kitambaa kikakazika, mguu wake ukaanza kugusa chuma. Ndipo msimamizi alipomwona, akarukia swichi. Mashine ikakoroma, kisha ikanyamaza.

Sketi ilikuwa imepasuka hadi pajani. Mguu ulikuwa umechubuka kuanzia goti mpaka chini, lakini haukuvunjika. Msimamizi aliogopa kuliko hata yeye. Baadaye hofu yake iligeuka hasira.

"Jumatatu uje na nguo isiyoburuta, au usije kabisa," alimwambia. "Sitaki kubeba maiti ya mtu kwa sababu ya sketi."

Nyumbani, mume wake alipouona mguu alisukuma sahani kando. Yeye alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Alisema kazi ya kinu imekwisha, mkewe atabaki nyumbani. Mama Pacha alimjibu kwamba kazi ile ni yake, ameihangaikia, na hataiacha kwa sababu ya nguo. Mume akasema nguo hubadilishwa, mguu haubadilishwi. Hakuna aliyekubali kushindwa. Hata pacha walitafuna polepole, wakitazama sahani zao. Mama mkwe alimwangalia mmoja, kisha mwingine.

Jumamosi mume alitoka bila kuaga. Mama Pacha alichukua sketi yake ya pili, akaitandaza kitandani. Alichukua mkasi wa jikoni, akaikata kwa kukisia tu. Upande mmoja ulipanda juu. Akakata wa pili ulingane nao. Sasa huo ndio ukapanda zaidi. Akarudia tena. Alipoivaa, mbele ilifika magotini na nyuma ilining'inia kama mkia. Ukingo ulikuwa umeanza kufumuka nyuzi. Pacha walicheka, kisha wakaona mama yao hacheki, wakaacha.

Ilibaki sketi ya tatu. Hiyo ilikuwa ya bluu iliyokolea, ya kitambaa kizito. Mama mkwe alimpa siku ya harusi. Mama Pacha aliiweka mapajani. Alishika mkasi, akauweka chini. Akaushika tena. Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Usiiguse hiyo na mkasi wa mboga, mwanangu," alisema. "Twende kwa Bi Chaki."

Mama Pacha aliinamisha kichwa. "Mama, haitakuuma nikiikata?"

"Nilikupa uivae, sikukupa uitunze. Kilichoniuma ni ule mguu."

Bi Chaki alikuwa jirani yao, fundi cherehani. Aliitwa hivyo kwa sababu kipande cha chaki hakikukosekana nyuma ya sikio lake, hata akienda sokoni. Aliipokea sketi iliyoharibika, akaigeuza huku na huku. Hakucheka. Aliuliza kama ilipimwa kabla ya kukatwa. Mama Pacha akakiri kwamba haikupimwa.

"Kitambaa hakina mdomo wa kukuonya," alisema Bi Chaki. "Kikishakatwa, kimekatwa. Kwa hiyo mkasi hutumika mwishoni, si mwanzoni."

Mama Pacha alimwomba amshonee ile ya bluu upesi. Bi Chaki alikataa. Alisema yeye ataongoza tu, mwenye sketi ndiye atakayeshona, ili siku nyingine asikwame. Mama Pacha aliijua sindano kwa kurudishia vifungo tu.

Kwanza walifumua kiuno na kuitoa kamba. Bi Chaki alieleza kwamba kamba inayoning'inia karibu na mashine ni hatari sawa na pindo. Badala yake wangetia lastiki. Kisha wakaipiga sketi pasi, kwa sababu kitambaa kilichokunjamana hudanganya kipimo.

Halafu walipima nyonga za Mama Pacha, pale palipo papana zaidi. Waliongeza upana wa kiganja, ili apate nafasi ya kukaa na kuinama. Kila upande wakatenga vidole viwili vya kushonea, nje ya kipimo hicho. Wakaigeuza sketi ndani nje, wakachora mistari ya upana mpya ubavuni kwa chaki, wakachoma pini.

Mkasi bado ulikuwa mezani. Mama Pacha aliutazama, lakini Bi Chaki alimpa sindano. Alimfundisha kupiga bandi. Huo ni mshono wa kujaribia, wenye hatua ndefu, unaofumuliwa kirahisi. Mama Pacha alijichoma kidole mara kadhaa. Bandi yake ilikwenda mrama kama njia ya mlevi, lakini ilishika.

"Sasa ivae, ufanye kila unachofanya kazini," alisema Bi Chaki.

Mama Pacha alitembea. Alikaa. Aliinama kama anayeinua gunia. Mambo yalikuwa mazuri. Kisha akapanda juu ya stuli. Ikasikika *tra*, sketi ikaachia kuanzia gotini hadi chini.

Alifumba macho. Alijua sketi ya harusi imekwisha, na kazi nayo imekwisha. Hakuthubutu kumtazama mama mkwe.

"Kimekatika nini?" aliuliza Bi Chaki bila haraka. "Uzi tu. Kitambaa ni kizima. Ingekuwa tumekata, sasa tungekuwa tunalia wote watatu."

Alimwonyesha kosa. Chini palikuwa pamebana mno. Wakafumua, wakachora mstari mwingine. Juu ulishuka vilevile, lakini kuanzia gotini ulielekea nje kidogo. Wakapiga bandi upya. Mama Pacha alipanda stuli, akashuka, akachuchumaa. Hakuna kilichoachia. Wala hakuna kilichopeperuka.

Baada ya hapo alivaa viatu vyake vya kazini, akasimama wima. Mama mkwe alipiga magoti na rula. Alipima kutoka sakafuni kwenda juu mpaka katikati ya muundi, chini ya goti, akitia alama kuizunguka sketi yote. Bi Chaki alisema wengi hupima kutoka kiunoni kwenda chini. Lakini makalio huinua nguo nyuma, ndiyo maana pindo huenda upande.

Sasa ndipo Bi Chaki alipompa mkasi wake. Ulikuwa mzito na baridi. Alimwambia aache vidole viwili nje ya kila mstari, kisha akate. Mama Pacha alivuta pumzi. Mama mkwe akashika kitambaa kisiteleze. Mkasi ukaenda mpaka kipande cha mwisho kilipoanguka.

Jumapili alishona kutwa. Cherehani ilikuwa na kazi za wateja, kwa hiyo alishona kwa mkono. Bi Chaki alimfundisha mshono wa kurudi nyuma: sindano huenda hatua moja mbele, kisha hurudi nusu, na mshono huwa imara. Alizungushia uzi kingo zote zisifumuke. Alikunja pindo mara mbili. Mwisho alipitisha lastiki kiunoni.

Wakiwa katika kazi hiyo, Bi Chaki aliuliza pindo lilifikaje mkandani. Mkanda hauna kifuniko? Mama Pacha alieleza kwamba kipo. Kilitolewa mkanda ulipobadilishwa, kikaegemezwa ukutani, hakijarudishwa.

Bi Chaki aliacha kushona. "Basi sketi ni nusu ya ugonjwa tu," alisema.

Jumatatu asubuhi msimamizi alimkagua kutoka kiunoni hadi miguuni. Akaridhika. Alimwonyesha magunia na kunyoosha mkono kuelekea swichi. Mama Pacha hakusogea. Wenzake waliacha walichokuwa wakifanya.

"Bado nini?" aliuliza msimamizi.

"Mimi nimevaa ulivyotaka, bosi. Na mashine nayo ivae nguo yake."

Mtu mmoja alicheka nyuma ya magunia, kisha akajizuia. Msimamizi alikunja uso. Alisema kazi zimerundikana, kifuniko kitawekwa baadaye. Mama Pacha alirudia, kwa sauti ya chini, kwamba atangoja. Wanawake wawili waliweka magunia yao chini, wakasimama kando yake. Msimamizi alitazama mkanda. Kipande cha sketi kilikuwa bado kimekwama kwenye gurudumu lake. Kisha akaenda kuleta spana.

Mashine haikuwashwa mpaka nati ya mwisho ilipokazwa.

Tangu siku ile hakuna nguo iliyonaswa tena kinuni. Wakati wa mapumziko wenzake humletea Mama Pacha sketi zao, naye huwafundisha: piga pasi, pima, piga bandi, jaribu, ndipo ukate. Ile sketi aliyoiharibu hakuitupa. Aliifumua, akatoa sketi mbili ndogo za pacha.

Mume wake alinuna juma zima. Siku moja alipita kinuni bila kusema anakuja. Alisimama mlangoni, akamwona mkewe akipita kando ya mashine na gunia, sketi imetulia, mkanda umefunikwa. Akaondoka.

Jioni alikuja na suruali yake ya kazi. Alisema, huku akitazama pembeni, kwamba ni ndefu na inaingia kwenye mnyororo wa baiskeli. Aliomba ipunguzwe.

Mama Pacha alimvutia kigoda karibu na dirisha, akamtungia uzi kwenye sindano, akamkabidhi.

"Vaa viatu kwanza," alisema. "Tupime kutoka chini."