Mafundo ya Mkia wa Burlan

Ng'ombe Joiana hakujua Jumapili wala sikukuu. Ikifika saa kumi na moja alfajiri alianza kugonga zizi kwa pembe, na asipopata jibu alilia mpaka mbwa wa jirani naye akadakia. Domnica alijiinua kitandani macho yakiwa bado yamefumba, akavaa buti za mpira za mama yake, akashika ndoo, akatoka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa miezi kumi na moja ndiye aliyekuwa akimkamua.

Baada ya maziwa wakaja bata bukini, baada ya bukini yakaja maji ya kisimani, kisha kuni, kisha dawa za Bibi. Bibi Casandra alikuwa na nyonga mbovu na alitembea kwa fimbo mbili. Kila alipoulizwa hali yake alijibu, "Mzima kama chuma." Akishasema hivyo alitafuta ukuta wa kushika.

Mama alikuwa Italia, akimtunza kikongwe mmoja asiyeweza hata kujigeuza kitandani. Alipiga simu kila Jumapili saa saba mchana, kikongwe akiwa amesinzia. Siku aliyoondoka, pale mlangoni mwa basi dogo, Domnica alimwambia, "Nenda tu, Mama. Mimi nitakuwa sawa. Hutasikia lalamiko." Na kweli, hakulalamika hata mara moja. Kila Jumapili alisema yuko sawa, akampa Bibi simu, akaenda kulisha bukini.

Sasa, katika pilikapilika zote hizo, kitabu kingesomwa saa ngapi? Kabla ya likizo, Mwalimu Profira wa darasa la sita alikuwa amewapa wanafunzi wake hadithi moja ya kuchekesha, na daftari la usomaji. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Soma hadithi, eleza kwa kifupi inahusu nini, kisha jibu swali la mwisho: "Ni nini humu ndani kinachofanana na maisha yako?" Likizo ikaishia kwenye nyasi za kukaushwa na mahindi ya kupukuchuliwa. Ilipobaki siku moja shule zifunguliwe, daftari la Domnica lilikuwa jeupe pe.

Kijijini kwao kulikuwa na desturi ambayo walimu waliijua na wazazi walijifanya hawaijui. Daftari la usomaji lilirithiwa, kama koti. Binamu yake Smaranda, aliyemtangulia darasa moja, alilitoa lake kabatini bila hata kuombwa mara mbili.

"Chukua, lakini badilisha maneno kidogo," Smaranda alimwonya. "Yule mwalimu ana pua kali."

"Nitabadilisha, dada."

Hakubadilisha. Alinakili huku kichwa kikimwangukia mezani, mkono ukienda wenyewe, na hata hakuelewa mkono huo unaandika nini. Alipomaliza alishukuru tu kwamba kurasa zimejaa.

Ijumaa, kengele ya mwisho ilipolia, Mwalimu Profira alimwambia abaki. Alisubiri wenzake watoke, akafungua daftari na kuweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho.

"Nisomee hapa."

Domnica akasoma, sauti ikififia kadiri alivyosonga mbele. "Joka la hadithi hii linanikumbusha baba yangu. Baba anaendesha lori kwenda Ujerumani. Akirudi Ijumaa huwa amechoka mpaka analala na viatu..."

"Mwanangu," mwalimu alisema taratibu, "baba yako mimi nilimsindikiza makaburini. Ulikuwa darasa la kwanza, umevaa kofia nyekundu. Ameanza lini kuendesha lori?"

Laiti angemgombeza. Domnica aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na aibu yenyewe haikuwa kwa mwalimu tu. Ilikuwa kwa baba yake, aliyepewa lori na viatu vya mtu mwingine, na binti yake hata asigundue. Maneno "nilikuwa nimechoka" yalimfika kooni. Akayameza.

"Nilisahau, Mwalimu."

"Kitabu umekisoma?"

"Hapana."

"Hilo angalau ni kweli." Mwalimu aliitazama mikono yake, jinsi ilivyopasuka kwenye vidole, lakini hakusema kitu juu ya mikono. "Nakupa mpaka Jumatatu. Muhtasari sitaki. Nataka jibu la swali la mwisho, na liwe lako mwenyewe. Hata likiwa sentensi moja."

Jumamosi ilikuwa siku ya jamu. Plamu zote za nyuma ya nyumba zilishatolewa kokwa na kumiminwa kwenye sufuria kubwa la shaba uani, na moto uliwashwa tangu asubuhi. Jamu ya kwao haitiwi sukari. Inakorogwa kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, kutwa nzima, mpaka iwe nyeusi na mwiko usimame wenyewe. Ukiiacha kidogo tu, inashika chini. Jumatano gari la vifurushi lingepita kuelekea Italia, na nusu ya chupa zilikuwa za Mama. "Hiyo jamu ndiyo itakayonifikisha Krismasi," alikuwa amesema.

Bibi alikoroga mpaka saa nne, amekaa kwenye kigoda, uso ukizidi kuwa wa kijivu.

"Nenda ukajinyooshe, Bibi. Nitaendelea mimi," Domnica alimwambia.

"Na wewe hujachoka?"

"Nani, mimi? Hata kidogo."

Bibi alipoingia ndani, Domnica alikitoa kitabu chini ya aproni, akakiweka juu ya benchi, akakizuia na chupa tupu ili kisijifunge. Mkono mmoja mwiko, mkono mmoja kurasa. Alitarajia kuchoshwa zaidi.

Joka la hadithi hiyo liliitwa Burlan. Burlan hakulinda dhahabu wala hakuteka mabinti wa wafalme. Aliajiriwa kumchemshia malkia maji ya kuoga kwa pumzi yake, na malkia alioga mara saba kwa siku. Baada ya malkia alikuja mpishi na supu iliyopoa. Baada ya mpishi walikuja askari na soksi mbichi, wakazitundika kwenye masharubu yake zikauke. Kuku wa kifalme naye akaleta mayai yake yaatamiwe, maana yeye alikuwa na safari. Domnica alicheka. Alicheka peke yake uani mpaka bukini wakageuka kumtazama, na akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe, jinsi kilivyokuwa na kutu.

Ndipo akafika sura ya tano. Kila mtu aliyeleta kazi alimwuliza Burlan, kwa adabu tu, "Umechoka?" Na kila mara Burlan alijibu, "Nani, mimi? Hata kidogo." Papo hapo mkia wake ulijifunga fundo. Mafundo yalifika kumi na moja, mkia ukafupika, na akipiga chafya alianguka kifudifudi. Mganga wa ikulu akaagiza mafundi cherehani wamshonee mkia wa bandia.

Domnica hakucheka tena. Alirudia kusoma ule mstari. Nani, mimi? Hata kidogo. Yalikuwa maneno yake, neno kwa neno, ya asubuhi ileile, na aliyeyaandika hakuwa amewahi kukanyaga ua wao. Akaanza kuhesabu Jumapili tangu Mama aondoke. Alifika arobaini na saba. Mkia wenye mafundo mengi hivyo, aliwaza, usingebaki hata kipande.

Harufu ndiyo iliyomshtua. Mwiko ulikuwa umesimama katikati ya sufuria, mkono wake haupo juu yake, na moshi mwembamba ulikuwa unatoka pembeni.

Fimbo mbili za Bibi zikasikika barazani. "Domnica. Ni nini kinanuka?"

Upepo. Angeweza kusema ni upepo uliochochea moto. Uongo huo ulikuwa tayari, umevaa viatu, unangoja kutoka.

"Niliacha kukoroga, Bibi," alisema. "Nilikuwa nasoma." Kisha, kabla hajajizuia, yakatoka na mengine. "Nimechoka. Nimechoka sana, Bibi. Kila siku nimechoka." Akakaa chini palepale kwenye majivu na kulia.

Bibi aliziondoa kuni motoni kwa fimbo, moja baada ya moja. Akachota kidogo kwa kijiko, akaonja, akafumba macho.

"Ya juu imepona," alisema. "Lete lile sufuria la bati. Tuchote juu kwa juu, tusikwangue chini."

Wakachota. Nusu ilipona, nusu ikabaki imeganda kwenye shaba. Walipomaliza Bibi alijishusha kwenye benchi na kukiokota kitabu.

"Kitabu gani hiki cha kuunguza jamu? Hebu nisomee."

Domnica akasoma. Kwenye soksi za askari Bibi alicheka mpaka benchi likatikisika. Kwenye mafundo kicheko kikamkatika.

"Huyu mwandishi amenichungulia dirishani," alisema mwishowe. "Wewe una mafundo mangapi?"

"Arobaini na saba, ya Mama peke yake."

"Mimi sina haja ya kuhesabu. Mwezi wa tano daktari aliniambia nyonga hii ifanyiwe upasuaji. Nikamwambia mama yako daktari kanisifu." Akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Chuma. Chuma gani mimi?"

Jumapili saa saba simu ililia. Domnica aliipokea, Bibi akiwa amekaa karibu yake.

"Mwanangu, mko sawa?"

Akamtazama Bibi. Bibi akamnyanyulia kidevu, kama mtu anayesema, haya, toa.

"Hapana, Mama. Hatuko sawa. Nimechoka na Joiana, nimechoka na maji. Bibi anatakiwa apasuliwe nyonga. Jamu nusu imeungua. Na daftari la usomaji nilinakili la Smaranda, nikaandika Baba anaendesha lori."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa polepole.

"Mama? Upo?"

"Nipo." Sauti ya Mama ilikuwa imelowa. "Mimi pia nimechoka, Domnica. Mgongo hauninyooki. Kuna siku nakula nimesimama, maana nikikaa sinyanyuki."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wewe mtoto uko sawa kila Jumapili. Mimi mtu mzima ningeanzia wapi?"

Wakazungumza saa nzima, na kikongwe wa watu kwa bahati hakuamka. Hawakupata dawa ya kila kitu. Lakini jirani yao Tasia, aliyekuwa akimtamani Joiana siku nyingi, angemchukua na kumkamua, na lita mbili zingerudi nyumbani kila asubuhi. Mama angeomba likizo mwezi wa kumi, ampeleke Bibi hospitali mwenyewe.

"Domnica, nisikilize," Mama alisema kabla ya kukata. "Siku ile kwenye basi uliniahidi sitasikia lalamiko. Ahadi hiyo naifuta. Mimi nikiamini uko sawa, siwezi kukusaidia kitu."

Jumatatu Domnica aliweka karatasi moja mezani kwa mwalimu. Ilikuwa imejaa pande zote mbili. Mwalimu Profira aliisoma amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena kuanzia juu.

"Ule uongo wa lori niliukamata kwa dakika moja," alisema. "Ulikuwa wa mtu mwingine, ukakupwaya. Huu wa 'niko sawa' tumeupokea mwaka mzima. Hata mimi. Niliona mikono yako, nikajisemea, mtoto shujaa huyu. Kumbe na wenyewe ulikuwa uongo, ila umevaa nguo nzuri. Sema kweli hata pale ambapo uongo utakupatia sifa, mwanangu. Pale ndipo pagumu zaidi." Akaikunja karatasi vizuri. "Haya. Leo umeamkaje?"

"Bado nimechoka, Mwalimu."

"Vyema. Nenda ukakae."

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, Joiana alianza kugonga zizi kwa pembe. Domnica alifumbua jicho moja. Kelele zilitoka ng'ambo ya ua, na baada yake ikaja sauti ya Tasia, akimwuliza ng'ombe kama hana haya. Domnica akalifumba lile jicho, akavuta blanketi mpaka masikioni, akalala.