Mlio Usio na Jina

Jumapili hiyo, saa nne asubuhi, Masikio alikuwa anapiga beseni. Mtu mzima, mke ana mimba ya miezi minane, naye kakaa anapiga beseni kwa mwiko. Asiyemjua angemtafutia mganga. Lakini ndiyo kazi yake: hugonga vitu, hunasa milio yake, kisha huivuta na kuipindua kwenye kompyuta mpaka beseni lingurume kama radi ya mbali, na watengeneza filamu wakaitia kwenye filamu zao za kutisha. Ukimwona muuaji anapanda ngazi nawe ukaziba macho, pengine ni beseni tu hilo.

Alikuwa na utaratibu wake, hauvunji. Kabla ya kila pigo hutamka kwenye maiki jina la kitu na nguvu ya pigo. "Beseni, polepole." Anapiga. "Beseni, wastani." Anapiga. "Beseni, kwa nguvu." Baadaye huikata sauti yake, akabakiza mlio. Bila hivyo, milio elfu tatu ingempotea kama vifaranga wasio na mama.

Nyumba ilikuwa ya shangazi yake, aliyemlea tangu anatambaa. Mwaka uliopita shangazi alifia chumba cha pili, baada ya kulala miezi mitano miguu haina kazi. Ukuta mmoja tu, uliopakwa rangi ya kijani, ulitenganisha kitanda chake na meza ya Masikio. Sasa chumba hicho alilala mkewe. Daktari alishasema mimba imekaa vibaya: alale, asisimame ila kwenda chooni, na likionekana hata tone la damu akimbizwe hospitali.

"Nikikuita hunisikii, na hayo makopo masikioni," mkewe alimwambia. "Nitagonga ukuta."

Masikio akamjibu agonge tu. Hakuona ubaya. Wakati huo.

Kilichomponza ni sifa. Mtengeneza filamu mmoja aliupenda mno mlio wake fulani, mkavu, mzito, kama mtu anayebisha hodi chini ya ardhi. Akataka mwingine wa aina ile ile, laini zaidi. Masikio akautafuta. Ulikuwa na namba, hauna jina. Akajaribu meza. Akajaribu mlango, kinu, kasha la nguo. Wapi! Mtu anayetangaza hata kijiko, alikuwa ametoa mlio asioujua aliupiga kwenye nini.

Akafungua rekodi ndefu alimoukata. Tarehe hakuhitaji kuisoma mara mbili. Ilikuwa siku aliyokufa shangazi.

Akavaa hedifoni. Akajisikia mwenyewe: "Ngoma kubwa, polepole." Bum. Ngoma ilipokwisha kufifia: ko, ko, ko. "Ngoma kubwa, wastani." Bum. Ko, ko, ko. Bibi wa watu alikuwa anasubiri ngoma inyamaze ndipo agonge. Siku ile Masikio aliyasikia mapigo hayo vizuri kabisa, akadhani ni mbao za ngoma zinalegea. Na humo kwenye rekodi akajisikia anacheka, anasema, "Huu mtamu. Huu nitaukata."

Sikio la kufa halisikii dawa, husema watu. Lake lilisikia kila kitu, likakiita kitamu.

Mapigo yaliendelea nusu saa. Yakawa mawili. Yakawa moja. Kisha kitu kama kucha kinachokwaruza, kisha ngoma peke yake.

Alivua hedifoni. Mkewe akaita kutoka upande wa pili.

"Mbona unanigongea ukuta? Nilikuwa nimelala."

Masikio akazitazama hedifoni. Zilikuwa zimechomekwa. Sauti isingeweza kutoka nje.

Akaifuta rekodi. Akaufuta na mlio. Akazima kompyuta, akang'oa na waya. Kesho yake mchana, jua limejaa chumbani: ko, ko, ko. Akakimbia. Mkewe alikuwa anamenya ndizi, wala hajagusa ukuta. Saa kumi tena: ko, ko, ko. Akakimbia tena.

"We bwana, mimba ninayo mimi. Wewe unaumwa nini?"

Ndipo akamweleza. Mkewe, kwa kunong'ona, akatoa alilolificha mwaka mzima. Yeye ndiye aliyemwosha shangazi. Vifundo vya vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimechubuka mpaka nyama, na chini ya kucha mlikuwa na rangi ya kijani.

"Ningekuambia," alisema, "ungelala?"

Siku ya tatu Masikio akaamua: agongaye na agonge. Mkewe alikuwa amechoshwa na mbio zake, kamwambia anataka kulala, asimwamshe tena kwa woga wake.

Saa nane mchana: ko, ko, ko.

Hakuinuka. Akaziba masikio. Ko, ko, ko. Yalipita kwenye viganja kama viganja havipo. Akaanza kuimba. Yakangoja amalize ubeti. Ko, ko. Yakalegea. Ko.

Kisha kikaja kitu kama kucha kinachokwaruza.

Mwisho huo aliujua. Alishausikia mara moja.

Akaruka juu, kiti kikaanguka.

Mkewe alikuwa sakafuni karibu na mlango, hana fahamu. Damu ilikuwa imefika kwenye miguu ya kitanda. Ukuta wa kijani ulikuwa huko mbali, upande wa pili wa chumba. Mkono wake usingeufikia.

Jirani mwenye gari aliwakimbiza. Hospitali hawakuuliza mengi, walimpasua. Daktari alisema wangechelewa dakika kumi, yangechimbwa makaburi mawili. Mama alipona. Mtoto alikuwa wa kike, akalia vizuri.

Jioni muuguzi alimvuta Masikio pembeni. Hakutaka mama asikie. Alimuuliza kama kuna ndugu aliyemshika mtoto, maana wao tangu wamtoe tumboni hawajamwachia mtu. Masikio akasema hakuna. Muuguzi akafunua kitambaa, akaushika mkono wa kulia wa mtoto. Vifundo vyake, vidogo kama punje za mtama, vilikuwa vimechubuka.

Akaugeuza ule mkono kwenye mwanga. Chini ya kucha mlikuwa na rangi ya kijani.

Masikio aliinua macho, akatazama kuta za wodi, moja baada ya nyingine. Zote nne zilikuwa nyeupe.