Siri Iliyokaa Karibu na Mbabula

Ndugu zangu wa ukingo wa Ziwa Mweru, bamama wa Nchelenge na nyinyi muliovuka kutoka ng'ambo, mutege masikio kidogo. Maneno haya yalianzia katika nyumba yenye amani, na nyumba hiyo ingeweza kuwa yangu ao yako.

Colette aliuza chisense, vile visamaki vidogo vya kuanika juani, na kila asubuhi alishuka bandarini kupokea mzigo wa Kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwani humu. Alishuka bila wasiwasi, maana nyumbani alimwacha mufanyakazi wake, Jeanine, pamoja na binti yake, Vanessa. Jeanine alikaa kwao kama ndugu. Alimsuka mutoto nywele huku akimwimbia nyimbo za kanisani. Mutoto akianza kukodoa macho na kutafuna mate, Jeanine aliacha yote, akamlaza ubavu mbali na moto mpaka kifafa kipite. Majirani hawakujua kitu.

Basi ikaingia hii kazi ya siku hizi. Mutu hatafuti tena mufanyakazi wa kukaa naye. Unatuma neno kwenye gurupu ya simu: nani anakuja kufua, nani atapika leo? Chai haijapoa, mutu yuko mlangoni. Akimaliza anaenda zake. Kazi yenyewe siilaumu, wasichana wengi wanakula kwayo. Lakini Colette aliona amepata ujanja. Jeanine anakula, analala, anaugua, ana misiba ya kwao. Mutu wa simu hana matata hayo.

"Jeanine, dada," alimwambia, "sasa nitakuwa naita batu siku kwa siku."

"Sawa, Mama Vanessa. Lakini kila mwenye kuja, umuambie juu ya mutoto. Kila mumoja!"

"Nitabaambia."

Jeanine akafunga mizigo, akarudi kwao. Lakini Colette hakuwaambia. Si munajua namna yetu? Tukisikia kifafa tunakimbia, tunasema ati povu lile linaambukiza. Colette aliogopa kwamba akiandika neno hilo, hakuna atakayekanyaga mlango wake, na jina la mutoto litazunguka soko zima. Akaandika tu: kufua, kupika, mutoto ni mukubwa, hasumbui. Wakaja wengi, leo huyu kesho yule, na wala hakikutokea kitu. Hapo ndipo shetani anapotupumbaza.

Siku moja akaja Memory, msichana wa Kashikishi. Alifua, akateleka maji ya bukari, ugali wetu, juu ya mbabula, lile jiko la makaa, yenye makala mekundu, akasema, "Vanessa, muangalie chungu, nianike hizi nguo." Kosa liko wapi? Mutoto mukubwa kama yeye kwetu anapika kabisa. Memory akasikia chungu kikianguka. Alipogeuka, mkono wa mutoto ulikuwa ndani ya makala, mwili unatetemeka, povu mdomoni.

Aliogopa, jamani, aliogopa sana! Lakini hakukimbia. Alimtoa motoni, akambeba na povu lake lote, akaenda naye mbio hospitali.

Colette alifika pale angali ananuka samaki. Watu walikuwa wamejaa. Nesi akamuuliza kwa heshima, "Mukwai, huyu musichana alijua kama mutoto iko na kifafa?"

Watu wote wakamtazama. Jibu lilikuwa fupi tu, hapana.

"Nilimuambia," akasema Colette. "Nilimuambia muzuri kabisa."

Memory akageuka, akatoka nje. Nani angemwamini kibarua wa siku moja mbele ya mama anayelia? Jioni ile gurupu ikajaa matusi: muzembe, muuaji, asiitwe tena popote. Wakamtoa. Colette aliyasoma yote na asiandike kitu.

Tangu hapo chakula kilimshinda. Kila alipobadilisha kitambaa cha kidonda, aliona vidole vya mwanawe vinavyoshikamana, na moyo ukamsuta: ni wewe ulimuunguza, na mzigo umemtwika mwenzako.

Siku moja Vanessa akauliza, "Mama, tantini Memory atarudi lini?"

"Yule mwenye kukuunguza?"

"Hakuniunguza. Njiani alikuwa analia. Alikuwa anasema, 'Juu ya nini habakuniambia?' Mama, haukumuambia?"

Colette akachukua simu, akasema kwa sauti yake mwenyewe ndani ya gurupu: "Ni mimi, Mama Vanessa. Mutoto wangu iko na kifafa tangu mudogo. Memory sikumuambia kitu. Pale hospitali nilisema bongo, uongo mutupu. Munihukumu mimi." Hakungoja majibu. Akaenda Kashikishi, akamkuta Memory akigeuza chisense za watu juani, akapiga magoti mbele yake.

"Simama, Mama Vanessa," Memory akasema. "Sitakudanganya. Ungeniambia, labda ningeogopa, nisingekuja. Lakini ningechagua mimi mwenyewe. Na kama ningekuja, mutoto nisingemuacha na moto."

"Urudi, tafazali. Nitakulinda mbele ya batu yote."

"Awe, hapana, sirudi. Nimekusamehe, lakini kwako sirudi." Akainama tena juu ya samaki. "Vidole vyake je?"

"Viwili havikunjuki."

Memory akajifuta macho kwa mkono wenye magamba.

Sasa Colette anashuka bandarini na Vanessa, mutoto ameshika kikapu kwa mkono mzima. Akiita mutu wa simu, neno la kwanza ni ugonjwa wa mutoto. Wengi hugeuka mlangoni. Wachache huingia, na hao huwekea moto macho.

MAFUNZO

Wazee walisema mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Wenzangu, iteni watu wa kazi kwa simu, si dhambi. Lakini mutu unayemkabidhi mutoto wako, umpe na ukweli wake, hata kama ukweli huo utamfukuza. Tena tuache kuwakimbia wenye kifafa, maana woga wetu ndio uliomfunga Colette mdomo. Na siku nyumba yako itakapoungua, usimnyoshee kidole kibarua. Yeye alikuja asubuhi ile tu, na siri yako ilikuwamo ndani tangu zamani.