Majibu Matatu ya Taban

Mvua ya Arua haipigi hodi. Ilimwagika ghafla mchana, soko likawa vurugu tupu, wauza nyanya wakikumbatia maturubai, bodaboda wakijibana chini ya mabati, na kijana mmoja mrefu, Taban, akaingia mbio katika duka la vitenge la Zam, kompyuta ameifutika ndani ya shati.

"Wewe! Simama hapo!" Zam alifoka, mkasi mkononi. "Hiyo kompyuta iko ya nani?"

"Yangu."

"Mutu akibeba kitu yake anaificha kwa tumbo?"

"Kama anaogopa mvua, ndiyo, dada."

Zam alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa sawasawa, na shela nyeupe iliyokuwa ikiteleza kila alipocheka. Na sasa alicheka. Taban akaitazama ile shela, akasahau hata kujipangusa maji.

"Unafanya kazi wapi?" Zam aliuliza, akimrushia kipande cha kitambaa ajifute.

"Bado natafuta. Nimemaliza uhandisi wa umeme Kampala. Nataka kazi ya chipu, ile inakaa ndani ya simu."

"Kiwanda iko Arua?"

"Hakuna."

"Kampala je?"

"Hakuna."

"Maskini! Umesomea kazi ya nchi za watu!"

Mvua iliisha, Taban hakuondoka. Kesho yake alirudi kununua kitenge cha mama yake. Keshokutwa akarudi kukibadilisha. Wauzaji wa jirani wakaanza kumwita shemeji, naye akaitika bila haya. Zam akienda mpakani Vurra kupokea mizigo kutoka Congo, simu hazikatiki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi ya malori. Wewe umepata kazi?"

"Tutaona, mpenzi. Tutaona."

Jamani, huyo kijana hakuwa mvivu. Alichanganyikiwa, basi. Asubuhi alitaka kubuni chipu, kuchora zile njia ndogondogo za umeme kwenye kompyuta. Mchana akasoma kwamba wanaotunza mashine za viwandani ndio wanaotafutwa zaidi. Jioni akapenda kazi ya kupima, kuzinasa chipu mbovu kabla hazijauzwa. Kichwa chake kilikuwa kama stendi ya Koboko siku ya soko, kila gari linaita abiria. Alituma maombi kila mahali, na kila alipotuma aliomba Mungu wasimjibu, maana wakijibu itabidi achague.

Kwa kina Zam, nyumbani Koboko, kuna desturi yao. Kabla wazee hawajaja kuposa, kijana hupita nyumba za jamaa wa binti, moja baada ya nyingine, peke yake. Anasalimia, anakaribishwa chai, anaulizwa maswali. Kisha jamaa wanakutana kwa baba na kulinganisha.

Zam alimweleza yote hayo. Hakumweleza kwamba baba yake, Mzee Shafiki, aliyeendesha malori ya jeshi mpaka akastaafu, husahau sura za watu lakini neno hasahau.

Taban akaenda, kanzu imenyooshwa, manukato yametangulia. Kwa ami Wahabu, mfanyabiashara anayependa makubwa, alisema atabuni chipu. Kwa shangazi Hawah, mjane mcheshi, alisema atazipima. Kwa Mzee Shafiki, akikumbuka malori, alisema atatunza mashine.

Jioni ile jamaa wakakutana.

"Huyu iko mutu moja ama watatu?" Mzee Shafiki aliuliza. Hakuna aliyecheka. "Askari iko na kituo moja. Mutu wa kazi tatu ni tapeli. Wazee wake wasikuje hapa."

Zam alipiga simu akiwa bado na machozi.

"Taban, umenitia aibu kwa watu yangu!"

"Sikudanganya, wallahi. Kila moja naitaka."

"Na mimi? Wao umewapa kazi tatu, mimi umenipa 'tutaona'! Mimi ndiyo nataka kuolewa na wewe, ama ni ami Wahabu?"

"Zam, sikiliza..."

"Nimesikiliza kutosha."

Simu ikakatika. Taban alipiga tena na tena, haikupokelewa. Alipita sokoni, akakuta Zam amempa mgongo anakunja vitenge vilivyokuwa vimekunjwa tayari. Alirudi nyumbani, akalala na viatu. Alimpenda yule msichana mpaka akaumwa, na hakujua amwambie nini.

Baada ya siku kadhaa shangazi Hawah aliteremka Arua kuchagua kitenge cha harusi ya jirani. Akaketi kwenye kigoda, akavua viatu.

"Lakini tapeli yako alinifurahisha," alisema.

"Shangazi, wacha."

"Ngoja! Alinikuta na ungo ya mchele. Nikamuuliza kazi yake ni nini, akaninyang'anya ungo. 'Mama, chipu mbovu iko kama jiwe kwa mchele, ukiacha moja mutu anavunja jino.' Anaongea, anachambua! Chai ikapoa, wali ya mchana ikachelewa, akakataa kutoka mpaka mchele yote ikakuwa safi. Macho inawaka!"

Zam aliacha kupima kitambaa. "Na kwa ami Wahabu?"

"Huko Wahabu anasema aliongea kama mutu wa redio anasoma habari. Na kwa baba yako alitoka jasho tu."

Zam alisimama pale na kitambaa mkononi. Hasira ikampungua kidogo, halafu ikampanda upya, safari hii kwa sababu nyingine. Mtu mzima, msomi, hajui anachokipenda mpaka aambiwe na shangazi! Akachukua simu.

"Njoo dukani. Sasa hivi."

Taban alifika anahema, shati halijafungwa vizuri.

"Kupima," Zam akasema. "Kazi yako ni kupima. Kweli ama uongo?"

Taban akaangalia chini. "Iko mahali Kenya, kiwanda kidogo. Wanafundisha wapimaji. Walinikubali, Zam. Sijawajibu."

"Kwa nini, wewe?"

"Nikishika hiyo, zile mbili zimekwenda. Na kama nimekosea? Na wewe uko hapa. Nikikuambia nakwenda, utasema nini? Nikaona heri niseme tutaona."

"Unaniogopa mimi?"

"Sana."

"Mjinga wangu wee," Zam alisema. "Mimi navuka mpaka kila wiki na malori. Kenya itanishinda? Wajibu hapa hapa, nikiona."

Akawajibu, shangazi Hawah akichungulia begani.

Ijumaa, baada ya swala, Taban alikwenda Koboko na mjomba wake Sule, bila kuitwa. Mzee Shafiki hakuwafukuza, lakini hakuwachekea. Sule alipoanza kusifu ukoo, mzee akanyoosha mkono.

"Kijana aseme. Kazi yako iko nini?"

"Kupima chipu, Mzee. Natafuta mbovu kabla haijafikia watu. Nakwenda Kenya kujifunza."

"Na zile zingine?"

"Nilikuwa sijui, Mzee. Kila nyumba nikasema ile nilidhani itawapendeza. Nisamehe."

"Na hii ikikataa?"

"Nitakuja kukuambia mwenyewe. Sitatuma mtu."

Sule akakohoa.

"Mimi," Mzee Shafiki alisema, "niliingia jeshi nipige tarumbeta. Wakanipa lori." Akajikuna kidevu. "Enda ujifunze. Ukirudi na kazi moja, utaoa. Binti atangoja, kama mwenyewe anataka."

Simu ya Taban ikatetemeka mfukoni. Akaomba ruhusa, akaenda kuipokea uani. Ni Zam, akipiga kutoka jikoni, ng'ambo ya ukuta, kama inavyompasa binti anayeposwa.

"Nimesikia yote," alinong'ona. "Nataka. Mwambie baba nataka."

"Zam, mimi bado naogopa. Hata sasa sijui kama nimechagua sawa."

"Hata mimi sijui," alisema, akicheka na kulia. "Afadhali tusijue wawili."