Amina Kwenye Karatasi ya Historia

Kila jioni kazi za Wakili zilikuwa zilezile: kuteka maji, kuwaogesha wadogo zake pacha, kisha kukunja nguo za wateja alizopiga pasi bibi yake. Jina la Wakili alipewa na bibi huyohuyo kwa sababu ya ubishi wake. Lakini leo ubishi haukuwepo hata wa dawa. Alikuwa amechoka, na karatasi ya historia ilimsubiri mkobani.

Mwalimu alikuwa amewapa habari mbili za vita vya kale. Kitabu Kitakatifu kilisema Mungu aliuokoa mji uliozingirwa. Jiwe lililochongwa kwa amri ya mfalme aliyeuzingira lilisema yeye ndiye mshindi. Swali: tukubali nini, na kwa nini? Wakili aliandika, "Kitabu ni kweli. Jiwe ni uongo. Amina."

Mwalimu alipolisoma jibu hilo kwa sauti, darasa zima lilivunjika mbavu kwa kicheko, isipokuwa yeye.

"Mwanangu, hili ni jibu au sala? Sikuulizi unaamini nini. Nakuuliza umejuaje. Kaandike upya, uniletee kesho."

Sasa afanyeje? Asipoandika, atapata sifuri. Akikihoji Kitabu, bibi ataumia, na bibi ndiye aliyemlea. Kila asubuhi hukisoma kabla hajawasha mkaa wa pasi.

"Bibi, nikikuuliza kitu utanikasirikia?"

"Nimechoka mno hata kukasirika, mjukuu wangu. Sema."

Wakili akamweleza yote. Bibi aliweka pasi chini, lakini kabla hajajibu, kishindo kikasikika uani. Pacha wakaingia mbio, wamelowa chapachapa.

"Tumepigana, nimemshinda!"

"Mwongo huyo! Mimi ndiye nimemshinda!"

Ndoo ya maji ilikuwa imepinduka. Wakili alitamani kulia.

"Haya, Wakili, amua," bibi akasema. "Nani mkweli?"

"Nitajuaje nani kashinda? Kila mmoja anajisifu."

"Unajua nini, basi?"

"Kwamba wamepigana. Wote wawili wanakiri. Na ndoo imepinduka, nayo haina upande." Ghafla akaikumbuka karatasi yake. "Bibi! Hata wale maadui wanakubaliana kwamba mji ulizingirwa! Na jiwe linajisifu weee, lakini halisemi popote kwamba mfalme aliingia mjini."

"Si uandike hivyo?"

"Na kwamba Mungu ndiye aliyeuokoa?"

Bibi alijifuta jasho kwa upande wa khanga.

"Hilo mimi naliamini. Hakuna jiwe lililonipa imani hiyo, wala hakuna litakaloninyang'anya. Lakini mwalimu wako anataka ushahidi. Habari ya kale ikikujia, hata kutoka kwenye Kitabu ninachokipenda, uliza nani ameandika, alitaka nini, na nani mwingine ameshuhudia. Kuuliza hivyo si dharau, mama. Kusema unajua wakati hujui, huo ndio uongo, na Kitabu chenyewe kinaukataza."

Wakili alihisi kifua kimekuwa chepesi. Aliandika palepale, juu ya meza ya pasi: yaliyokubaliwa na pande zote mbili, yanayobishaniwa, na yale ambayo historia haiwezi kuyapima. Alipofika mwisho, kalamu ikasita.

"Bibi, na ile Amina?"

"Iache hapa nyumbani. Tutaisema pamoja kabla ya kulala," bibi akasema, akiinua tena pasi yake. "Sasa nenda kateke maji mengine, na hao mashahidi wako wakusaidie kubeba."