Sufuria Iliyoliwa na Majivu

Mwaka ule wa 1977 chumvi iliadimika Arua. Katika mtaa wa Awindiri, Hadijah alichuja maji kwenye majivu, kama mama mkwe wake Kulusum alivyomfundisha, akayatumia badala yake kupikia majani ya kunde katika sufuria yake ya alumini. Mboga ililainika vizuri. Lakini ilitoka ya kijivu, na ladha ya chuma.

Siku ya tatu Kulusum alisukuma sahani.

"Hadijah, hii mboga iko na nini? Wewe naweka dawa?"

"Wallahi, Mama, mimi hapana weka kitu!"

"Mimi natuma neno kwa Nasur. Yeye nakuja Ijumaa."

Nasur, mumewe, alikuwa askari mjini Koboko, na neno la mama yake halikupingwa. Mke anayeshukiwa kutia dawa ya uchawi hurudishwa kwao, na jina hilo halimtoki. Kwa hofu Hadijah aliisugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa kama kifungo cha askari. Mboga ya kesho yake ikawa mbaya zaidi! Maskini, alikuwa akijichimbia shimo.

Alhamisi aliibeba sufuria kwa Lado, fundi aliyeiunda kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya magari. Kulusum akamfuata, asije akadanganywa.

Lado alipitisha kidole ndani. Vishimo vilikuwa vingi.

"Nyinyi napika na nini?"

"Maji ya majivu," Hadijah alijibu.

Lado akachuja maji kwenye majivu ya tanuri lake, akayachemsha na kipande kipya cha alumini ndani. Mapovu yakapanda. Kipande kikawa cheusi.

"Naona, Mama? Majivu nakula hii chuma, chuma naingia kwa mboga. Hapana mutu naweka dawa. Ukwaju pia iko vile vile. Na chakula hapana lala ndani."

"Mimi nasugua kila siku," Hadijah alisema.

"Mchanga natoa ngozi yake. Osha na maji moto na kitambaa. Lakini hii, hapana pikia tena. Mimi mwenyewe hapana jua kila chuma iko ndani. Mboga ya majivu, pika kwa chungu ya udongo."

Kulusum aliinamisha kichwa. "Majivu, mimi ndiye nafundisha yeye."

Ijumaa Hadijah alipika majani ya kunde kwenye chungu. Yalitoka ya kijani. Nasur alipofika, akamtengea yeye na mama yake.

"Mama, wewe naita mimi," Nasur alisema. "Iko shauri gani?"

Kulusum alinawa, akatangulia kumega, akala mpaka sahani ikabaki tupu.

"Shauri ilikuwa ya sufuria," alisema. "Hadijah, mtoto yangu, mboga iko ingine?"