Kigari cha Watu Wawili

Rafiki yangu, fundi cherehani, alikuwa na boksi la zamani lenye vipande vya kuunda kigari cha rimoti. Halikuwa limefunguliwa tangu kaka yake agongwe na gari na kufa.

"Si mliahidiana kukiunda pamoja? Kiache," mkewe akamwambia.

"Marehemu hashiki bisibisi, mama watoto."

Alipokaza skrubu ya mwisho na kukiweka sakafuni, umeme ukakatika. Gizani magurudumu yakalia vuuu! Kigari kikampiga muundi, akaanguka. Kikarudi nyuma, kikamvamia usoni, meno yakamwagika. Akakiponda kwa nyundo huku akilia, "Nisamehe, kaka!"

Mkewe akaja na tochi. Betri zilikuwa bado kwenye pakiti. Mezani, kijiti cha kuendeshea cha rimoti, ambacho ukikiachia hurudi chenyewe katikati, kilikuwa kimesukumwa mbele kabisa, na hakuna aliyekishika.